Gofu Ambalo Hatukulibakiza

Watu wakianza kusifu hisani za serikali ya Mwingereza mbele yangu, huwa natoka nje. Nimesoma madarasa manne tu katika shule ya misheni, na kitu kirefu nilichowahi kuandika ni barua za msiba. Lakini sasa ni mzee. Waliokuwa bomani siku zile wamekufa au wamerudi kwao, na hasira yangu imebaki haina mtu wa kumwendea. Nimeona bora niiandike kuliko kufa nayo.

Kwetu ni Puge, njiani kati ya Nzega na Tabora. Nilipoolewa, nyumba zetu zilikuwa matembe: kuta za miti na udongo, na juu paa bapa lililoshindiliwa udongo mzito. Tembe lina ubaridi mzuri wakati wa jua, na moto wa nyika ukipita haulipati. Kinachoweza kulimaliza ni mvua isiyopumzika. Mwaka ule ilinyesha siku nane mfululizo. Paa letu lilikunywa maji mpaka boriti zikaanza kulia. Mume wangu alizisikia, akaweka nguzo ya kuzisaidia katikati ya chumba, akaniambia, "Itavumilia. Kesho jua litatoka."

Asubuhi ya siku ya tisa moto wetu ulikuwa umezimika. Nilichukua kigae nikaenda kwa jirani kuomba makaa. Mume wangu alibaki ndani, anamchongea mwiko wa kuchezea binti yetu wa miaka minne. Mama mkwe alikuwa jikoni, kibanda cha nyasi kilichosimama peke yake nyuma ya nyumba.

Jirani aliponiona mlangoni na kigae changu akaanza. "Umekuja tena? Nyumba gani hiyo, kila siku moto wa kuazima!"

"Mume wangu huufunika vibaya," nikasema.

"Mwambie anapokufunika wewe aukumbuke na moto."

Nilicheka. Nilikuwa bado nacheka niliposikia kishindo, kifupi, kama gunia la mtama limeachiwa kutoka begani. Hakikuwa kikubwa. Miaka yote hii nimekuwa nikishangaa kwamba hakikuwa kikubwa.

Tulivyowachimba sitaandika. Tuliwazika uani katika kaburi moja, mtoto juu ya kifua cha baba yake. Siku mbili baadaye tembe la jirani nalo lilianguka, likamwua baba yake mzee aliyekuwa hawezi kutembea. Mpaka mvua za mwaka ule zinakatika matembe mengi ya Puge yalikuwa yameanguka, ukuta huku, paa kule. Saba kati yake yaliua.

Sasa lazima nieleze desturi yetu, maana bila hiyo hakuna atakayeelewa. Kwetu nyumba iliyoua haiachwi imesimama. Haitengenezwi, haiezekwi upya, wala hailaliwi. Siku ya kuondoa matanga majirani huja na majembe. Huangusha kuta zilizobaki, huchukua kila boriti na kuitupa mbali porini, na hakuna anayethubutu kuokota hata kijiti cha kuni. Kisha pale palipokuwa nyumba panalimwa, panapandwa. Sisi ni Wakristo wa Moraviani, na mwalimu wa kanisa alikuwepo siku ile. Alisali, kisha akavua koti akashika jembe kama wengine. Mama mkwe alichukua mbegu za maboga akazisia mwenyewe, pale hasa palipokuwa kitanda. Hakulia. Alisia kwa mstari ulionyooka kabisa.

Tulifanya hivyo katika nyumba zote saba. Ilikuwa heshima yetu ya mwisho kwa maiti wetu, na tuliifanya kwa mikono yetu wenyewe, na hiyo ndiyo kazi iliyotuponza.

Kiangazi kilipoanza, mwanangwa, yaani mkuu wa kijiji aliyekuwa chini ya mtemi, alitukusanya. Alisema serikali imetoa msaada kwa walioangukiwa na nyumba. Kila mwenye nyumba iliyoanguka atapewa mabati na misumari, ajenge upya kabla ya mvua zijazo. Bwana Shauri, yaani ofisa wa kizungu wa boma, atapita na karani kuandika majina.

Mimi na mama mkwe tulikuwa tunalala katika kile kibanda cha jikoni. Mama mkwe alikuwa na kifua. Akilala chini alisikika kama mtu anayeburuta kapu kwenye changarawe, na nyasi za kibanda zilikuwa zimeoza kwa mvua zilizopita. Msimu mmoja zaidi chini ya zile nyasi asingeuweza. Nilijua, na yeye alijua. Tulisikia neno mabati, na jioni ile alifagia uwanja wote, hadi ukingo wa kaburi.

Bwana Shauri alikuja na motokaa ya serikali. Alikuwa mzungu mwembamba, kaptura imepigwa pasi, Kiswahili chake kizuri tu. Karani wake alikuwa mtu wa kwetu, Mnyamwezi, ametoka Tabora na daftari kubwa jekundu. Walizunguka nyumba hadi nyumba. Aliyekuwa na ukuta uliopasuka aliandikwa. Mzee mmoja ambaye zizi lake la mbuzi lilikuwa limelala upande aliliita chumba cha wageni, akaandikwa. Sisi wanawake tulifinyana tusicheke.

Wakafika kwangu.

"Shikamoo, Bwana," nikasema.

"Marahaba. Nyumba iko wapi?"

"Ilikuwa hapa."

Alitazama. Maboga yalikuwa yametanda vizuri sana mwaka ule, makubwa, ya manjano, yamejaa mahali pote.

"Hapa naona shamba," akasema.

"Nyumba ilikuwa hapa, Bwana. Ilianguka ikamwua mume wangu na mwanangu. Kaburi lao lile pale."

Alivua kofia. Sitamsingizia, alivua kofia, akasimama kidogo mbele ya kaburi. Kisha akaivaa akasema, "Pole sana, mama. Lakini kaburi si jengo. Mimi nimetumwa kuandika majengo yaliyoanguka, yale ninayoyaona. Jengo lililoanguka huacha gofu. Gofu liko wapi?"

"Tuliliondoa."

"Mliliondoa kwa nini? Kama mliweza kuliondoa, mbona hamkuweza kujenga?"

Nikamtazama karani. Alikuwa ameinama anachonga penseli. Jambo ambalo kila mtu analijua tangu utotoni huyajui maneno yake. Nikasema, "Ni desturi." Bwana akatikisa kichwa kama mtu aliyeambiwa ni mapenzi ya Mungu, karani akaandika neno moja daftarini, wakaenda. Neno lenyewe nililiona, maana naweza kusoma hata kichwa chini. Aliandika: shamba.

Ikawa hivyo katika zile nyumba saba. Waliopoteza pembe ya jiko wakapata. Waliozika wakakosa.

Mwanangwa alikwenda kulalamika bomani Nzega. Akarudi anatabasamu. Bwana atapita mara ya pili, baada ya siku kumi, kuwaona waliosahauliwa. Akatuita sisi saba kando, akasema kwa sauti ya chini, "Bwana anataka gofu. Basi mpeni gofu."

"Gofu tutalitoa wapi?" akauliza jirani yangu.

"Si mnajua kujenga? Jengeni nyumba iliyoanguka. Nguzo nne, ukuta nusu, udongo mwagieni hovyo. Hata mlevi anaweza."

"Mlevi ataijenga isimame," jirani akasema, na watu wakacheka, kicheko cha kwanza tangu misiba.

Wengine watatu walijenga, na jirani alikuwa mmoja wao. Mimi pia nilianza. Siwezi kuficha. Nilikata miti miwili, nikachimba mashimo mawili katikati ya maboga, nikausimika mti wa kwanza. Mama mkwe alitoka jikoni akaja taratibu, akisimama kila hatua chache kutafuta pumzi. Akaushika ule mti.

"Unamjengea nani hapa, mwanangu?"

"Wewe, mama. Mabati ni yako."

"Hapa alilala mwanangu. Tulipafunga. Ukipafungua, ni nani atakayeingia?"

Nikamwambia ni miti miwili tu, ni ya kumdanganya mzungu, kesho kutwa naing'oa. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akaanza kuutikisa ule mti, mikono yake kama vijiti, pumzi inakoroma, na nilipoona kwamba atauvuta mpaka aanguke, niliung'oa mwenyewe. Nikafukia mashimo.

Bwana Shauri alirudi siku aliyosema. Alianzia kwa jirani. Tulifuata wote, maana kijiji kizima kilitaka kuona. Gofu la jirani lilikuwa kazi nzuri: ukuta umelala, boriti zimepishana, hata chungu kilichovunjika ameweka. Bwana alilizunguka. Kisha akasimama, akagusa nguzo moja, akatazama kidole chake. Nguzo ilikuwa inatoka utomvu.

"Nyumba hii ilianguka wakati wa mvua?" akauliza.

"Ndiyo, Bwana," akasema jirani.

"Na miti yake bado inatoka damu?"

Akamtazama mwanangwa, mwanangwa akatazama viatu vyake. Akatutazama mmoja mmoja, akafika kwangu, mimi niliyekuwa bado na maboga yangu.

"Mama, wewe nakukumbuka. Gofu hili lilikuwepo nilipokuja mara ya kwanza?"

Nilifundishwa na baba yangu, na nikafundishwa na kanisa, na sijui njia nyingine ya kuwa mtu. Nikasema, "Halikuwepo, Bwana."

Ndivyo nilivyosema, na sikuongeza neno. Sikusema kwamba lile la kwanza lilikuwepo, la kweli, lililomwua mzee asiyeweza kutembea, na kwamba binti yake aliliondoa kwa sababu ni binti mwema. Niliulizwa kitu kimoja nikajibu hicho kimoja.

Bwana hakukasirika. Afadhali angekasirika. Alisema tu kwamba serikali haiwezi kuwasaidia watu wanaoidanganya, na nyumba zote saba zikafutwa, tuliojenga na tusiojenga. Jirani hakunitukana. Alinipita kama mtu anayepita kisiki. Tangu siku ile nilipohitaji moto niliufuata kwa watu wa mbali.

Nikaamua kwenda mwenyewe. Bomani Nzega waliniambia orodha imeshapelekwa Tabora, kwa wakubwa wa jimbo. Nikarudi Puge, nikasimama barabarani, dereva mmoja aliyemfahamu mume wangu akanipandisha juu ya magunia ya karanga. Ile barabara ni njia ya wapagazi wa zamani. Babu wa mume wangu aliipita kwa miguu na pembe ya ndovu begani, kutoka kwetu hadi Tabora na kuendelea mpaka pwani, akarudi na nguo na chumvi na habari. Nilikaa juu ya yale magunia nikawaza kwamba mpagazi mmoja asiyejua kusoma alifikisha mzigo wake salama miezi na miezi, na serikali yenye motokaa na daftari haikuweza kufikisha neno moja sahihi kutoka Puge.

Nililala Isevya, mtaa wa Tabora, kwa shangazi yangu. Asubuhi nilikwenda ofisini. Nilipopita uani niliyaona mabati. Yalikuwa yamepangwa chini ya turubai, mapya, na pembe moja ya turubai ilikuwa imefunuka na jua linawaka juu yake mpaka yanaumiza macho. Nilisimama pale muda mrefu. Askari akaniuliza, "Mama, unauza nini?"

"Siuzi."

"Basi unanunua nini?"

"Nimekuja kuangalia nyumba ya mama mkwe wangu," nikamwambia. Alidhani sina akili nzuri, akanionyesha mlango kwa upole.

Bwana hakuwepo. Alikuwepo yule karani. Alinitambua. Aliniletea kiti, jambo ambalo makarani wa siku zile hawakuwafanyia wanawake wa kijijini, akanisalimu kwa Kinyamwezi, akaniita mayo, kama anavyoitwa mama. Nikamweleza yote kwa lugha yetu, na kwa lugha yetu maneno yalikuja yenyewe. Nikamwambia kosa la miti mibichi liwaangukie waliojenga, au liniangukie mimi, lakini wale wazee na wale watoto walikufa kweli, na nyumba zilianguka kweli. Nikamwambia aje aone makaburi saba, ayaandike hayo.

Alisikiliza ameshika kichwa. Nilipomaliza alisema, "Mayo, usinieleze mimi. Baba yangu alipokufa kwa radi tuliivunja nyumba, tukapanda mtama. Mimi mwenyewe nilitupa boriti."

Sikuelewa mara moja. Nikamuuliza, "Kwa hiyo siku ile kwangu ulijua?"

"Nilijua tangu nilipoyaona maboga."

"Na hukumwambia Bwana?"

Akafungua mikono yake juu ya meza. "Hakuniuliza, mayo."

Nimekasirika mara nyingi katika maisha yangu. Nilimkasirikia Mungu, na huyo tumeshasameheana. Nilimkasirikia mzungu, lakini mzungu alikuwa mgeni, alitazama maboga akaona maboga. Hasira niliyoipata mbele ya meza ile haijawahi kupoa. Mtu wa kwetu, aliyetupa boriti za baba yake porini, alisimama mbele ya kaburi la mwanangu akachonga penseli. Alikuwa na maneno ambayo mimi sikuwa nayo. Alikuwa nayo kwa Kiswahili na kwa Kiingereza. Dakika moja ingetosha. Na hakuwa mtu mbaya! Kama angekuwa mbaya ningelala vizuri. Alikuwa mpole, alinipa kiti, na aliandika shamba.

Nikamwambia, "Mwambie leo."

"Orodha imefungwa. Imeshatiwa sahihi."

"Na yale mabati ya uani ni ya nani?"

Akasema yamezidi. Watu walioandikwa wamekuwa wachache kuliko ilivyofikiriwa.

Nilisimama nikamwambia maneno ambayo sitayaandika hapa. Si matusi. Nilimtajia baba yake tu, na ile nyumba. Alilia. Sikumwonea huruma, na mpaka leo nikijaribu kumwonea huruma sipati.

Lakini njiani kurudi, juu ya magunia mengine, nilikumbuka utomvu kwenye kidole cha Bwana, na mimi nikisema "Halikuwepo" na kufunga mdomo. Mimi pia nilijibu nilichoulizwa. Jirani yangu alikuwa na haki ya kunipita kama kisiki.

Mvua zilianza. Nilikuwa nimeezeka kibanda upya kwa nyasi nilizokata mwenyewe, lakini nimekulia kwenye tembe. Kuezeka nyasi sikuwa na mkono nako. Palivuja penye kitanda, nikahamisha kitanda, pakavuja pale nilipokihamishia. Mama mkwe alifanya mzaha kwamba mvua inamtafuta yeye, ina barua yake. Alikufa kabla mvua hazijafika nusu, mchana, amekaa ameegemea nguzo, maana kulala alikuwa hawezi tena. Alikuwa ameshika kikombe, na hakikumwagika.

Siku ya kuondoa matanga majirani walikuja na majembe. Nyumba iliyoua haiachwi imesimama, na kile kibanda kilikuwa kimemwua, hakuna aliyebisha hilo. Nilisimama mlangoni.

"Msikivunje," nikasema.

Walidhani ni uchungu. Mwalimu wa kanisa akaanza kunibembeleza. Ndipo jirani yangu akasogea mbele, jembe begani, akasema nami kwa mara ya kwanza tangu kiangazi.

"Unamngoja nani?"

"Namngoja Bwana Shauri. Aje akague. Sasa gofu lipo."

Hakuna aliyecheka. Waliondoka mmoja mmoja na majembe yao, na mimi nikahamia kwa mwalimu wa kanisa. Kibanda nikakiacha. Nilijua ninachofanya. Nilikuwa nimevunja kile alichokilinda mama mkwe kwa pumzi zake za mwisho, na nilikivunja kwa hasira, macho wazi. Kila motokaa iliyopita barabarani nilitoka kuitazama. Hakuna iliyosimama. Mchwa walipanda kwenye nguzo, nyasi zikalala, watoto wakawa hawapiti karibu. Kilisimama mvua ile yote na nyingine iliyofuata.

Kiangazi cha pili nilikwenda Tabora kumzika shangazi. Nilipita mbele ya ile ofisi. Uani palikuwa na banda jipya la motokaa za serikali, refu, limeezekwa mabati.

Niliporudi sikusema na mtu. Asubuhi iliyofuata nilimkuta jirani amesimama mbele ya kibanda. Alikuwa na majembe mawili.

"Bado hajaja?" akauliza.

"Hajaja."

Akanipa jembe moja. Tulianza na ukuta wa nyuma, penye nguzo aliyoegemea mama. Ilikuwa imeliwa na mchwa mpaka ndani, ikaanguka kabla sijaigusa vizuri. Tuliibeba wawili, mimi mbele na yeye nyuma, tukaipeleka mbali porini.